Dakika Kumi na Moja za Kintinku

Mwajuma Ramadhani alipiga hodi kwangu hapa Utemini Jumamosi moja asubuhi. Alikuwa amekuja mjini kwa harusi ya mjukuu wake, na mimi nilimjua kwa sauti kabla sijafika mlangoni. Miaka arobaini na kitu hatujaonana, na neno lake la kwanza likawa, "Perisi, umezeeka vibaya." Nikamwambia, "Ingia ndani, usisimame juani ukazidi kukunjamana." Tukashikana mikono, tukacheka mpaka mjukuu wangu Neema akatoka chumbani kuangalia kuna nini. Akapiga goti kidogo, akasema shikamoo bibi, akaitikiwa, akarudi kwenye kompyuta yake. Neema yupo chuo, anasomea mambo ya kutengeneza picha. Mwalimu wake alikuwa amempa kazi: aangalie mwanzo wa filamu moja, dakika zile chache za kwanza tu, kisha aandike mtengenezaji ametumia mbinu gani. Ameshaiangalia mara mbili na daftari bado jeupe. Mwajuma akavuta kigoda, akavaa miwani, akasema, "Hebu weka na sisi tuone." Basi ikaanza. Hatujamaliza hata dakika tatu tumeshaanza kelele. Mbona mwanga uko upande mmoja tu? Mbona mtoto hatumwoni, tunasikia kikohozi chake? Hapo wamekata, angalia kola ya shati, mwanzo ilikuwa imelala sasa imesimama! Neema akawa anaandika mbio, akachoka, akaweka kalamu. "Bibi, nyie haya mlisomea wapi?"

"Kintinku," alisema Mwajuma. "Kwenye ghala la karanga."

Habari za wazazi wangu na za ukoo wetu nitaziacha, ni ndefu na hapa hazina kazi. Mwaka ninaoutaka ni ule niliokuwa na miaka kumi na saba, nikiosha vyombo katika hoteli ya Mama Zaituni, hatua chache tu kutoka stesheni. Shule niliiachia darasa la tatu, nikachunga mbuzi miaka sita, ndipo nikaja kwenye sufuria. Hoteli yenyewe ilikuwa tembe, paa la udongo, ndani mna giza la kahawia hata saa sita mchana, na meza mbili ndefu ambazo mguu mmoja wa kila meza ulikuwa umewekewa jiwe. Asubuhi chai ya maziwa na maandazi. Mchana ugali wa uwele na mlenda, na siku ya treni, wali na nyama ya mbuzi. Mwajuma, ambaye Mama Zaituni ni shangazi yake, alikata vitunguu. Alikata vitunguu vya watu hamsini kila siku, na macho yake yalikuwa mekundu mwaka mzima, mpaka vijana wa reli wakawa wanamwuliza nani kamwacha. Mimi niliosha vikombe na kuvipanga mezani kifudifudi, sababu ya vumbi. Mteja akiketi, unamgeuzia chake. Kwa hiyo ukiingia tu, bila kuuliza mtu, meza yenyewe inakwambia nani ameshakunywa na nani bado anasubiriwa. Hilo nililijua kama ninavyojua vidole vyangu, ila sikujua kama ni elimu.

Hapo hotelini ndipo alipokuwa anakula fundi Stefano Lugendo, mtu wa mashine ya sinema ya kisomo cha watu wazima. Mashine ilikaa Kintinku, kwenye ghala la ushirika, na mara mojamoja aliipakia kwenye treni kwenda Saranda au Itigi. Jumatano na Jumamosi, saa nane mchana, madirisha ya ghala yalizibwa kwa magunia, jenereta ikanguruma nyuma ya ukuta, shuka jeupe likatundikwa, na sisi tukakaa juu ya magunia ya karanga. Hata leo nikinusa karanga mbichi nasubiri picha ianze. Mstari wa mbele nawakumbuka wote: Bi Damari, Bi Salome, mzee Ndahani na fimbo yake, Idi muuza chumvi, na mapacha Lea na Rahabu waliokuwa wanabanana gunia moja. Filamu zilikuwa mbili, ya kuchimba choo na ya kupanda karanga kwa mstari. Tulizijua kama sala. Halafu siku moja ukashuka kwenye treni mkebe mpya umeandikwa Alizeti. Fundi akaufungua, akafunga filamu kwenye mashine, akazima taa. Tukasubiri alizeti. Wapi!

Kwanza giza tupu, na ndani ya giza sauti: tok, tok, tok. Bi Salome akasema, "Wanatwanga." Picha ikafunguka, si kinu. Ni mkono wa mwanamume unafuta kiatu kwa kitambaa, karibu sana, mpaka unaona ufa wa ngozi ya kiatu. Tok, tok, bado ipo. Halafu meza yenye vikombe viwili, kimoja kimenyweka, kingine kimefunikwa kifudifudi. Halafu, ndiyo sasa, mwanamke. Amesimama upande wa mbali wa chumba, ametugeuzia mgongo, ana kitambaa kichwani, anakata vitunguu juu ya ubao. Tok tok ilikuwa kisu. Mara anainua mkono anapangusa macho kwa kiwiko cha mkono. Mwanamume anasimama, anachukua sanduku, anapita nyuma yake bila kumtazama, anasema neno moja tu, anafungua mlango, anatoka. Tunamwona akikanyaga uwanja hatua mbili tatu, kisha sisi tunarudishwa ndani. Tunabaki na mgongo wa mwanamke na dirisha, na kwenye dirisha yule mtu anazidi kuwa mdogo barabarani. Akikaribia kona, shuka likawa jeupe.

Watu walipiga kelele si mchezo! Fundi akausoma tena mkebe kwa tochi. Hili lilikuwa gurudumu la filamu la kwanza kati ya sita, mtu huko lilikotoka kaliingiza kwenye mkebe usio wake. Matano mengine hayakuja kamwe. Jina la filamu lilikuwa limekatika, na lile neno moja alilosema mwanamume hakuna aliyelijua, hata karani wa stesheni aliyejidai anajua lugha zote. Dakika kumi na moja, fundi alizipima kwa saa yake. Na watu wakazitaka tena Jumatano, na Jumamosi, na Jumatano iliyofuata. Choo na karanga vikakosa watu.

Sasa, sinema zetu zilikuwa na mwelezaji. Alisimama kando ya shuka akasema kwa Kigogo kinachotokea, maana watu wengi Kiswahili chao kilikuwa cha kuokoteza. Mwelezaji wetu, mwalimu Obadia, akahamishwa, na siku hiyo jenereta inawaka, ghala limejaa, mwelezaji hakuna. Fundi Stefano akanionyesha kidole. "Wewe unayebishana na wateja kila siku, simama." Nikasimama na aproni yangu yenye masizi. Nikasema mbukwenyi, salamu yetu, wakaitikia mbukwa, na kuanzia hapo mdomo ukaenda wenyewe.

Nilisema yale niliyoyasikia hotelini. Siku ile ya kwanza baada ya picha, mzee Ndahani alikuwa ameketi na kikombe chake cha chai akatoa hukumu: "Yule mwanamke ni mama mkwe wake." Hakuna aliyebisha, nani abishe? Kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni. Wakikutana njiani, mmoja anapisha hadi vichakani. Hali chakula naye, haketi naye. Na pale tumeona kwa macho yetu: yeye anapita bila kutazama, mama naye amempa mgongo. Adabu kamili! Bi Damari akasema hata Wazungu wana heshima, alikuwa hajui. Basi nikasimama kwenye ghala nikaeleza ya mkwe, namna kijana alivyolelewa vizuri, namna mama anavyompikia chakula cha safari bila kumwaibisha. Walipiga makofi mpaka maganda ya karanga yakaruka. Jumatano na Jumamosi nikaeleza hivyo hivyo, kila mara nikiongeza chumvi.

Ndipo fundi akaleta habari. Baada ya mavuno angekuja Bwana Zakayo, afisa wa kisomo kutoka Manyoni, kuchagua mwelezaji wa kudumu. Huyo atasafiri na mashine stesheni zote, atakuwa na posho na kitanda chake kila anakofika. Sharti awe amemaliza darasa la saba. Hapo kila mtu hotelini alimtazama Festo, kijana wa karani wa ushirika, aliyekuwa na cheti chake ndani ya bahasha na anatembea nacho. Mimi niliinama kwenye karai. Niliitaka ile kazi mpaka uji ukawa unaungulia mikononi mwangu. Mama Zaituni aliniambia, "Perisi, wewe unaonja sinema au unapika?"

Kwa kuwa sina cheti, nikasema basi nitaijua ile picha kuliko mtu yeyote. Nikaacha kutazama watu, nikaanza kutazama vingine. Na nakwambia, ilikuwa kama mtu amenifungulia mlango wa nyuma. Jumatano moja nikaona kivuli. Yule mwanamume anatoka mlangoni, kivuli chake kirefu, kimelala uwanjani kama mtu wa pili. Hatua ya tatu kivuli kimekunjika miguuni, kifupi. Mimi nimechunga mbuzi miaka sita bila saa, kivuli ndiyo saa yangu, siwezi kudanganywa. Nikamngojea fundi amalize chakula. "Fundi, yule mtu katoka asubuhi, kafika uwanjani saa sita." Akacheka, ugali mdomoni. "Watu wote wanamwangalia mtu, wewe unaangalia kivuli?" Lakini alienda. Aliivuta filamu kwa mkono, akaishika kwenye mwanga wa dirisha, kipicha kimoja kimoja, na nilimwona anaacha kutafuna. "Hapa," akasema polepole. "Walikata hapa. Asubuhi na mchana wamezishona." Nilikimbia mpaka jikoni, mikono ina sabuni.

"Mwajuma! Wale watu waongo!"

"Waongo wa nini tena?"

"Wanashona siku! Wanachukua asubuhi na saa sita wanashona kama magunia mawili, na sisi tunaona gunia moja!"

Mwajuma aliacha kisu. Kuanzia siku hiyo tukawa wawili. Tuliongea sinema tukichota maji, tukiosha masufuria, tukipanga maandazi kwenye beseni. Kwa nini sauti ije kabla ya picha? Mwajuma akasema, ili uanze kudhani, na ukishadhani umeshaingia ndani. Kwa nini kiatu kwanza na si uso? Mimi nikasema mtu anayefuta kiatu vile haendi kisimani, anakwenda mbali. Na kwa nini mwanamume anapotoka sisi tusitoke naye? Hilo lilitusumbua siku nyingi, mpaka Mwajuma akaligonga kwa mwiko: mtu akikuacha chumbani na mwenzako, anataka umjue huyo uliyeachwa naye. Leo Neema ananiambia kila kitu hicho kina jina lake la kitaalamu. Sawa. Sisi majina hatukuwa nayo, tulikuwa na muda na vitunguu.

Vitunguu ndivyo vilivyoniharibia. Mwajuma alirudi Jumamosi kutoka ghalani. Akachukua kisu, akaweka ubao, akakata. Tok, tok, tok. "Sikiliza. Hiki ni kitunguu." Akapangusa macho kwa kiwiko cha mkono, kisu hakikusimama. "Umeona? Kitunguu hakisimamishi kisu. Ukisimama ndiyo kinakuuma zaidi. Sasa yule, mlango unapofunguliwa, kisu chake kinasimama. Kinaruka mapigo matatu. Halafu kinaanza mbio." Nikamwambia sijasikia. "Huwezi kusikia," akasema, "pale unakuwa unaongea wewe."

Kisha macho yangu yakaenda mezani, kwenye vikombe nilivyovipanga mwenyewe. Vikombe viwili kwenye meza moja! Mama mkwe kikombe chake kitafanya nini kwenye meza ya mkwe? Mimi, mwosha vikombe, mtoto wa kule kule, nimekipita kikombe kile miezi miwili. Kile kilichofunikwa ni cha mtu wa kunywa naye ambaye leo hakunywa. "Ni mke wake," nikasema. Mwajuma akaitikia kwa kichwa. "Na analia. Na kitunguu wamempa ili tusiwe na hakika."

Ungedhani nilifurahi. Nilifurahi, ndiyo, yule mtengenezaji nilitaka nimwone nimpige begani nimwambie nimekukamata! Lakini Bwana Zakayo anakuja wiki ijayo. Ghala zima linaamini mkwe, na aliyewaaminisha ni mimi. Nikigeuza maneno mbele ya afisa, mzee Ndahani atasimama kuniita mwongo, na Festo yupo na bahasha yake. Nikisema mkwe, nitashangiliwa. Mama Zaituni alisema kwa kifupi, "Sema wanachopenda, upande treni." Siku nne nilizunguka na hilo kichwani.

Siku ilipofika, Bwana Zakayo alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye suruali iliyopigwa pasi. Alikaa kwenye kiti pekee, fomu magotini. Festo akaanza. Kwa sauti nzuri, sikatai. "Hapa tunaona mwanamume anafuta kiatu."

"Tunaona!" akajibu Idi muuza chumvi.

"Hapa tunaona vikombe viwili."

"Macho tunayo, baba, endelea na cheti!"

Ghala likavunjika kwa kicheko. Festo alimaliza, masikini, jasho linamtoka. Fundi akarudisha filamu mwanzo, na Bwana Zakayo akasema, "Binti." Nikasimama. Giza likaja, tok tok ikaanza, nikasema, "Mnasikia nini?" Wakasema kinu. "Ngojeni." Kiatu kikaja. "Kiatu hiki kinakwenda wapi?" Bi Damari akasema, "Mbali." Vikombe vikaja, nikasema kwa Kigogo, "Wazee wangu, mimi nimewadanganya miezi miwili na sikujua. Tazameni meza. Kwa mama mkwe, kikombe hiki kingekuwa hapa?" Nikasikia fimbo ya mzee Ndahani inagonga sakafu, mara moja. Mwanamke akaja na mgongo wake. "Sasa nanyamaza," nikasema. "Sikilizeni kisu."

Nikanyamaza. Mwelezaji ananyamaza! Niliona kwa pembeni Bwana Zakayo anainua uso kutoka kwenye fomu, anasubiri nikumbuke nilichosahau. Nilikaza meno. Ghala lililojaa watu, na jenereta kule nje, na tok, tok, tok. Mwanamume anachukua sanduku. Anapita. Mlango unafunguliwa.

Kisu kikasimama.

Sijawahi tena kusikia watu mia moja wakiacha kupumua kwa pamoja. Kisha tok-tok-tok ya mbio, na Bi Damari akasema kwa sauti ndogo, "Yesu wangu, analia." Nikamngoja mzee Ndahani. Alikohoa. "Mama mkwe halii mkwe akiondoka," akasema. "Anashukuru. Huyo ni mke." Watu wakalipuka, kucheka na kulia humohumo, Lea na Rahabu wanapigana makofi ya mgongo, na mimi nikiwa nimesimama mbele ya shuka jeupe sijui nikae wapi.

Bwana Zakayo alipiga makofi mawili kunyamazisha. Hakusema nimefaulu wala nimeshindwa. Alimgeukia fundi akasema, "Anzisha upya." Mashine ikaunguruma tena, na safari hii hakuna aliyehitaji mwelezaji, nikaketi kwenye gunia karibu na kiti chake. Hakuna aliyetafuna karanga. Kisu kilipokaribia kusimama, nikasikia karibu na sikio langu mtu anaongea kwa kujisahau, kama anavyoongea mtu na ndugu yake. "Geuka, mama. Geuka basi." Alikuwa yeye. Fomu zimemwangukia miguuni, hana habari.

Shuka lilipokuwa jeupe hakusimama mara moja. Aliokota karatasi zake, akazipukuta maganda, akaniuliza nimefika darasa la ngapi.

"La tatu, shikamoo, nimesahau kukuamkia."

"Marahaba. La tatu." Alitafuta mstari wa darasa la saba kwenye fomu, akaupiga kalamu, ukafutika kabisa. "Una sanduku la nguo?"

"Sina."

"Tafuta. Treni ya Itigi ni Jumatatu."

Mwajuma alikuwa ameshapiga vigelegele kabla mimi sijaelewa nimeambiwa nini.